Gumzo la majirani, Nyalenda, Kisumu: watoto na maji

Mama Brayo: Majirani habari za asubuhi. Ile shimo ya murram kule chini imejaa maji na hii mvua, jana jioni kijana mmoja akateleza akaingia, wenzake wakabaki wakipiga nduru juu hakuna hata mmoja anajua kuogelea, ni mtu wa boda akafungua kamba ya mizigo akamrushia. Ako sawa, lakini mimi sijalala

Baba Sharon: Woi, Mungu ni mkubwa. Na alifanya vizuri sana kutoingia, mtu anayezama akikushika shingo mnaenda nyote. Rusha kamba, rusha mtungi mtupu umefungwa kifuniko

Mama Tito: Si tuwakataze tu? Wangu anajua nikimpata kwa maji atanitambua

Mama Brayo: Mama Tito hata sisi tulikatazwa na tulienda. Hawa watoto wanavuka mto Auji wakienda shule, ziwa liko hapo tu, maji watayahepa wapi? Wenye wamefunzwa ni wa wazazi wenye pesa ya swimming ya hoteli, wetu wenye wanalala kando ya maji ndio hawajui. Hiyo inaniuma

Mwalimu: Inauma kweli. Shirika la Afya Duniani lilisema 2021 watu kama 300,000 walikufa maji, na karibu robo ni watoto chini ya miaka 5. Bangladesh hawakungoja swimming ya hoteli, walijenga kizimba cha mianzi ndani ya bwawa la kijiji, chini kuna jukwaa mtoto anasimama, na mwenye anafunza ni kijana wa hapo hapo kijijini. Wale wadogo kabisa wanachungwa pamoja asubuhi wazazi wakiwa kazini, kwa sababu saa hizo ndio walikuwa wanatumbukia karibu na nyumba

Baba Sharon: Kizimba kule ziwani Dunga sitaki, kuna bilharzia na viboko

Mwalimu: Sawa kabisa, tutafute swimming. Hoteli nyingi asubuhi katikati ya wiki maji yamelala tu hakuna wageni. Shule zikifungwa twende kama kikundi tuombe bei ya watoto 20, chama kitoe nusu, mzazi atoe kidogo kidogo kila wiki. Na wasichana pia jameni, kila saa ni vijana tu

Dada Nesi: Na mzazi akae kando aangalie, simu mfukoni. Mtoto akizama hapigi kelele, mdomo uko chini ya maji atapiga aje? Akitolewa msimgeuze miguu juu, msimkamue tumbo. Kama hapumui mpe pumzi 5 kwa mdomo kwanza, halafu bonyeza kifua mara 30, pumzi 2, 30 tena, usiache mpaka msaada ufike. Jumapili baada ya kanisa nitawaonyesha na mdoli, mje hata wazee

Mama Tito: Haya mmenishinda. Lakini hiyo costume ni bei gani?

Mwalimu: Nitauliza kama wanakubali kaptura na tisheti ya kubana

Baba Sharon: Na shimo? Mwenye alichimba alienda zake. Niko na mabati ya zamani, Jumamosi nahitaji watu wanne na misumari

Mama Brayo: Mimi naleta misumari na chai. Andikeni majina ya watoto hapa, na miaka. Brayo 9, dadake 6

Mama Tito: Tito 11