Tupeane uzoefu: Kibali cha serikali kwenye dashibodi, gari mbele ya bomba la zimamoto (New York)

Mpangaji wa Bronx
Wakuu, heshima yenu. Jana jioni nililikuta mbele ya jengo letu gari binafsi lisilo na mtu ndani, limebanana na bomba la zimamoto, na juu ya dashibodi kumewekwa kibali cha idara moja ya jiji kilichogeuzwa upande ili nambari yake isisomeke. Sisi wengine tunazunguka mitaa mpaka taa ya mafuta inawaka, na tukiingia kidogo tu ndani ya zile futi 15 (kama mita nne na nusu) za upande wowote wa bomba, tunalimwa faini ya dola 115, hata pale ambapo ukingo wa barabara haukupakwa rangi yoyote ya kumwonya dereva. Kibali hicho humsaidia mtumishi aliye kazini kuegesha kwenye baadhi ya nafasi zenye mita bila kulipia, pamoja na maeneo yaliyotengwa kwa ajili yake. Hakimruhusu kukaa kwenye bomba la zimamoto, kituo cha basi wala kivuko cha waenda kwa miguu. Naomba tuelezane: mmekutana na nini, na mlichukua hatua gani?

Dereva wa Usiku
Umegusa donda, mkuu. Sisi wenye magari ya kubeba abiria kwa malipo, yale yenye namba zinazoanza na T na kuishia na C, ndio tunaoijua vizuri hiyo dola 115.

Bi Mkubwa wa Harlem
Wanangu, nilikuwa nimeazimia kutolizungumza tena jambo hili, lakini mada imenikumbusha. Ilikuwa usiku wa baridi kali, moto ukazuka jikoni kwa jirani yetu mzee wa ghorofa ya tatu, na sote tukateremka ngazi kwa haraka, mimi nikiwa nimejitanda kanga mbili juu ya gauni la kulalia na miguuni nimevaa ndara. Gari la zimamoto lilifika mapema mno kuliko nilivyotarajia, nami nikashukuru, mpaka nilipoona vijana wawili wameshuka na kuanza kulizunguka gari moja jeusi lililokuwa limeziba bomba lote, likiwa na kibali kwenye kioo na fulana ya kung'aa, kama zile za watumishi wa barabarani, imetandazwa kwenye dashibodi, kana kwamba fulana nayo ina cheo.

Mnafahamu kwamba gari la zimamoto la hapa huja na maji yake, galoni 500, lakini maji hayo mpira mmoja mkubwa huyamaliza kwa dakika chache, kwa hiyo ni lazima waunganishe kwenye bomba la barabarani huku wenzao wakiwa wameshaingia ndani. Walivunja kioo cha mlango wa upande huu, wakavunja na cha upande wa pili, wakaupitisha mpira katikati ya viti. Jirani alitolewa akiwa hai, alhamdulillahi, ingawa alikuwa amevuta moshi mwingi.

Moto ulipokwisha, mwenye gari akatokea akiwa na beji shingoni, akafoka kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima, akitaka jina la aliyevunja vioo vyake. Mkubwa wa wazimamoto alimtazama tu, kisha akaendelea kukunja vifaa. Lililoniuma zaidi lilitokea asubuhi. Mkaguzi wa maegesho alipita na kuandika tiketi moja pekee, akaibandika kwenye gari la fundi cherehani Mguinea lililokuwa nyuma ya lile jeusi, eti bampa lake la mbele limeingia ndani ya futi 15. Lile jeusi, lenye vioo vilivyovunjwa na alama ya mpira wa maji kwenye viti, hakuliandikia kitu, kwa sababu kibali kilikuwa bado kipo kwenye kioo.

Kijana wa Jersey City
Pole sana, Bi Mkubwa. Hii nimeisoma mara mbili.

Mla Ugali
Ndiyo hayo hayo yaliyoua watu 17 kule Bronx mwaka 2022. Magari yameziba mabomba, watu wanateketea.

Mpangaji wa Bronx
Hapana, ndugu, tusichanganye mambo. Moto wa jengo la Twin Parks, tarehe 9 Januari 2022, ulitokana na hita ya umeme, na watu waliuawa na moshi uliopanda juu kwa sababu milango iliyopaswa kujifunga yenyewe haikujifunga. Wengi wa marehemu walikuwa na asili ya Gambia, na wapo humu wanaozijua familia zao. Kisa cha Bi Mkubwa kinatosha bila kukiongezea.

Mla Ugali
Sawa, nimekuelewa. Lakini hata nyumbani Tanzania, gari la serikali lenye namba za STK likiegeshwa kokote, nani huligusa?

Mpangaji wa Bronx
Hayo yafungulie mada yake. Hapa tunazungumzia New York.

Wakili Mtarajiwa
Naomba kutoa angalizo la kisheria kabla hatujawahukumu watu. Kanuni za barabara za jiji hili zinaruhusu gari dogo la abiria kusimama kwenye bomba la zimamoto kati ya mawio na machweo, mradi dereva mwenye leseni amebaki kwenye usukani akiwa tayari kuondoka mara moja. Si kila gari mnaloliona hapo limevunja sheria.

Dereva wa Usiku
Wakili, mwenye mada ameandika kwamba gari halikuwa na mtu. Na fulana ya kung'aa haina leseni ya udereva.

Wakili Mtarajiwa
Nilikuwa naeleza kanuni, sikuwa namtetea mtu.

Dereva wa Usiku
Basi eleza na hii: kwa nini nikikaa ndani ya gari mchana, kama kanuni yako inavyosema, nikimwona mkaguzi anakuja bado naona afadhali niondoke?

Mwalimu wa Brooklyn
Mimi ni mtumishi wa elimu na ninacho kibali, kwa hiyo nitasema bila kujificha. Kibali changu kinanihusu siku za shule, kwenye nafasi zilizotengwa karibu na shule, ambazo ni chache kuliko walimu. Ninaegesha pale ninapostahili, na nikikosa nafasi ninatafuta mtaani kama ninyi. Inaniudhi kuwekwa kapu moja na mtu anayekitumia kibali kwenda sokoni siku ya Jumapili.

Bi Mkubwa wa Harlem
Mwalimu, hakuna aliyekutaja. Ila hebu jiulize: unaowafahamu kazini, wangapi wanaishia pale kibali kinapoishia?

Mwalimu wa Brooklyn
Swali hilo, Bi Mkubwa, nitalijibu tukionana.

Msomaji wa Queens
Tatizo hili lina historia ndefu. Mwaka 2008 Meya Bloomberg aliamuru vibali vipunguzwe kwa angalau asilimia 20. Mwaka 2017, chini ya Meya de Blasio, wafanyakazi wa shule wakagawiwa vingine kwa makumi ya maelfu, na jumla ya vibali vya jiji ikawa zaidi ya 100,000, mbali na vya jimbo na vya serikali kuu. Baadaye Baraza la Jiji lilipitisha sheria za kubana matumizi mabaya, na Aprili 2024 Idara ya Uchunguzi ya jiji ikatoa ripoti iliyobainisha kwamba usimamizi wa sheria dhidi ya wenye vibali ni dhaifu. Hoja yangu ni kwamba karatasi ile haijawahi kuruhusu bomba la zimamoto. Anayeruhusu ni mtu mwenye kitabu cha tiketi, ambaye akiiona huhofia kumwandikia mwenzake au mkubwa wake, akapita.

Tena tunao ushahidi kwamba watu hubadilika wakibanwa. Kuanzia mwishoni mwa 1997 hadi 2002 magari ya wanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa yalilimbikiza tiketi zaidi ya 150,000 ambazo hazikulipwa, zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 18. Mwaka 2002 jiji lilipopewa uwezo wa kuwanyang'anya namba za kidiplomasia, makosa yalishuka kwa takriban asilimia 98. Watu walikuwa wale wale, na nafasi za maegesho hazikuongezeka.

Kijana wa Jersey City
Asilimia 98! Basi nafasi za maegesho walikuwa wanaziona siku zote.

Mama Wawili
Mimi hupiga 311, namba ya simu ya jiji ya kupokea malalamiko. Hawakuulizi karatasi za uhamiaji, na unaweza kuomba jina lako lisiandikwe, kwa hiyo wenye hofu wasiogope.

Dereva wa Usiku
Hupiga, halafu? Malalamiko yangu yalifungwa kabla sijamaliza chai, kwa maelezo kwamba askari walifika na hawakuona kosa, ilhali mimi nilikuwa nimesimama dirishani nikilitazama gari hilo, na askari sikumwona.

Mama Wawili
Unachagua kipengele gani? Ukichagua matumizi mabaya ya kibali, umewaambia mapema kwamba mhusika ni mwenzao. Chagua bomba lililozibwa.

Msomaji wa Queens
Mimi naona kinyume chake. Takwimu za 311 zipo wazi kwa umma, na tukiacha kutaja vibali, mwakani tutaambiwa tatizo halipo. Piga picha inayoonyesha namba ya gari, bomba na kibali kwa pamoja, kisha peleka nakala kwa diwani wako.

Mla Ugali
Njia ya mkato: nunua fulana ya kung'aa, iweke kwenye dashibodi, ulale.

Wakili Mtarajiwa
Usimsikilize. Fulana haikukingi na kitu, na ukifika kwenye kibali cha kughushi utakuwa umeliacha suala la faini na kuingia kwenye jinai.

Dereva wa Usiku
Anayetaka fedha awarekodi wenye malori wanaoacha injini ikiunguruma zaidi ya dakika tatu. Jiji humpa mlalamikaji asilimia 25 ya faini. Kwa bomba la zimamoto halimpi mtu hata senti.

Msomaji wa Queens
Palipo na bomba, jiji lenyewe ndilo hupata fedha. Lipo moja mtaa wa Forsyth, Manhattan, lililokuwa kando ya njia ya baiskeli, na nafasi iliyolikabili ilionekana halali kabisa machoni pa dereva. Mwaka 2014 ilibainika kwamba nafasi hiyo ilikuwa ikiliingizia jiji kama dola 33,000 kwa mwaka, ndipo alama zikachorwa upya.

Bi Mkubwa wa Harlem
Kumbe mkaguzi wa kwetu alikuwa na haraka ya hesabu.

Mpangaji wa Bronx
Nawashukuru wote. Nimepeleka malalamiko kwa vipengele vyote viwili, cha Mama Wawili na cha Msomaji, na picha ninazo. Gari bado lipo.

Kijana wa Jersey City
Samahani kwa swali dogo: huku kwetu Jersey nako ni futi 15?

Wakili Mtarajiwa
New Jersey ni futi 10. Ukivuka kuja New York ongeza tano, isipokuwa kama una kibali.