Ukaazi wa kudumu Kanada: fundi umeme wa Tanga anaweza kujiombea mwenyewe?

Mkonge_Tanga
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Nina miaka 34, fundi umeme kiwandani hapa Tanga, huu mwaka wa saba. Nina stashahada ya miaka mitatu. Mke wangu ni mwalimu, tuna mtoto mmoja. Nataka kuomba ukaazi wa kudumu Kanada kupitia Express Entry, mfumo wao wa maombi ya mtandaoni, njia ya wafanyakazi wenye ujuzi. Wakala mmoja anadai milioni sita, anasema atanitafutia "kazi ya kupandisha alama". Pia nimeambiwa Kiingereza cha 6.0 kinatosha. Naweza kujifanyia mwenyewe?

Mwambao
Unaweza, ndugu yangu, ila hiyo 6.0 ielewe vizuri. Ni kima cha chini kwa kila sehemu: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea. Si wastani. Ukipata 7 tatu na 5.5 ya kuandika, mlango umefungwa. Na mtihani ni IELTS ya General Training; wanaofanya Academic hupoteza ada bure.

Sasa piga hesabu ya alama za kustahili njia hii: unatakiwa ufikishe 67 kati ya 100. Umri wako 12. Uzoefu wa miaka sita na zaidi 15. Stashahada, ikitathminiwa kuwa sawa na miaka mitatu ya kule, 21. Kiingereza cha 6.0 kila sehemu, 16. Jumla 64, hujafika. Wakiitathmini kuwa ya miaka miwili unapata 19, jumla inashuka hadi 62. Hapo ndipo mwalimu wako anapokuokoa: mke akifanya mtihani huohuo na kupata angalau 4.5 kusikiliza, 3.5 kusoma, 4.0 kuandika na 4.0 kuongea, mnaongezewa 5. Unafika 67 hata kwa tathmini mbaya. Watu wengi wanauacha mtihani wa mwenza kwa kubana ada, na mimi naona ni kosa kubwa.

Lakini 67 inakuingiza uwanjani tu. Anayeitwa kuomba huchaguliwa kwa alama za CRS, yaani za kuwapanga waombaji kwa ushindani, na hizo ni hesabu nyingine kabisa. Lenga 8.0 kusikiliza na 7.0 kwingine kote, kwa sababu kuanzia hapo alama za elimu na uzoefu nazo hupanda. Kama una miezi ya kusubiri, Kifaransa kina nafasi yake: Machi 2025 droo (awamu ya kuita waombaji) ya wanaojua Kifaransa ilishuka mpaka alama 379, wakati droo nyingine zilikuwa juu ya 500. Ama hiyo kazi ya wakala, tangu 25 Machi 2025 ofa ya kazi haina alama yoyote kwenye CRS.

Fundi_Makorora
Naongezea barua ya mwajiri, maana hapo ndipo maombi mengi mazuri yanapokufa. Barua zetu huandikwa "ni mfanyakazi wetu mwaminifu tangu mwaka fulani", muhuri, basi. Haitoshi. Iwe na cheo, tarehe ya kuanza, saa kwa wiki, mshahara wa mwaka na marupurupu, majukumu, anwani na simu ya ofisi, na sahihi ya msimamizi. Majukumu yaelezwe kama unavyoyafanya: kufunga mota, kutafuta hitilafu kwenye paneli za kudhibiti mitambo, kukarabati transfoma. Kwenye orodha ya kazi ya Kanada, fundi umeme wa viwandani ni namba 72201. Wa majumbani na majengo ni 72200. Ukichagua namba moja na barua ikaeleza kazi ya nyingine, afisa atakataa.

Fedha za kuonyesha mtaweza kujikimu kule: kwa watu watatu kiwango kilichotolewa Julai 2025 ni dola 23,360 za Kanada, na hubadilika kila mwaka. Mke na mtoto wanahesabiwa hata wakibaki Tanga. Benki iandike salio la sasa, wastani wa miezi sita, tarehe ya kufungua akaunti na madeni yako. Kama una kiwanja, tuseme Pongwe, hakihesabiki mpaka kiuzwe, na mkopo haukubaliki. Fedha nyingi zikiingia ghafla, weka hati ya mauzo inayoonyesha zilikotoka.

Mkonge_Tanga
Ahsanteni sana. Tatizo: cheti cha kidato cha nne kinasema Salimu, pasipoti Salim na jina la babu limeongezwa.

Bi_Chumbageni
Mtihani jiandikishe kama pasipoti inavyosomeka, herufi kwa herufi. Tofauti ya jina nenda kwa wakili uapishwe, hati ya kiapo uitume hata kwa wanaotathmini vyeti. Makaratasi ya Kiswahili yatafsiriwe na mtu asiye ndugu yako.

Kufungua wasifu wa Express Entry ni bure. Anayelipwa kukusimamia lazima awe mwanasheria mwenye leseni ya kule, au mshauri aliye kwenye daftari la College of Immigration and Citizenship Consultants. Tafuta jina la wakala wako humo kabla ya kumpa hata shilingi. Akiweka barua ya uongo, anayefungiwa miaka mitano ni wewe.

Ukiitwa una siku 60 tu, na tangu 21 Agosti 2025 vipimo vya afya huambatanishwa na maombi yenyewe, kwa daktari aliye kwenye orodha yao. Cheti cha polisi usikichukue mapema mno, kisiwe na zaidi ya miezi sita siku ya kutuma. Anza na tathmini ya stashahada, inadumu miaka mitano. Majibu ya mtihani yanadumu miwili, kwa hiyo wewe na mkeo fanyeni tarehe moja.