Biashara ya jozi za hisa: je, kweli mwelekeo wa soko haunihusu?

Swali (Mjifunzaji)
Ndugu wanajukwaa, ninajifunza mbinu ya kununua hisa moja na papo hapo kuuza nyingine ya kuazima inayofanana nayo, kwa matarajio kwamba pengo la bei lililopanuka baina yao litarejea lilivyokuwa. Nimefikiria KCB na Equity za Nairobi, kwa kuwa zote ni benki kubwa. Je, kufanana huko kunatosha, na je, kweli soko zima likipanda au kushuka halitanihusu?

Jibu (Kokotoa)
Hakutoshi. Hisa mbili zinaweza kupanda pamoja mwaka mzima, lakini moja ikawa inaitangulia nyingine kidogo kila mara, na pengo likazidi kukua bila kurudi. Tafuta pengo ambalo limezoea kurejea kwenye wastani wake. Watafiti Gatev, Goetzmann na Rouwenhorst, waliotumia bei za Marekani za 1962 hadi 2002, walichagua jozi kwa bei za miezi 12, wakafanya biashara miezi 6 iliyofuata, na waliingia pale tu pengo lilipozidi mikengeuko sanifu miwili (kipimo cha jinsi pengo linavyotawanyika kwa kawaida kuzunguka wastani wake). Faida ya ziada ilifikia takribani asilimia 11 kwa mwaka, ingawa ilipungua katika miaka ya mwishoni.

Kuhusu mwelekeo wa soko, kuweka kiasi sawa cha fedha kila upande si kinga. Ikiwa hisa unayonunua huitikia soko mara moja na nusu kuliko unayouza, basi kwa kila shilingi 100,000 unazonunua unapaswa kuuza za 150,000.

Jibu (Mzee wa Mizani)
Naongeza jambo ambalo hesabu hizo hazilionyeshi. Kampuni mbili za mafuta, Royal Dutch na Shell, ziligawana mapato kwa uwiano wa 60 kwa 40 tangu 1907, kwa hiyo bei zake zilipaswa kufuata uwiano huo, na sidhani kama kuna jozi iliyokuwa na sababu nzuri zaidi ya kukutana. Hata hivyo, LTCM, mfuko wa uwekezaji wa Marekani ulioingia humo 1997, uliliona pengo likipanuka mwaka uliofuata, huku hasara zake kwingineko zikiulazimisha kufunga nafasi (kuondoka kwenye biashara hiyo) kabla bei hazijakaribiana. Kampuni hizo ziliunganishwa 2005. Waliokopa kidogo wangeweza kusubiri; LTCM ilikuwa imekopa mno.

Mjifunzaji
Nashukuru, wazee wangu. Na hisa za kuazima Nairobi nizipate wapi?

Jibu (Kokotoa)
Tangu 2019 soko la Nairobi lina mikataba ya bei za baadaye (futures, yaani makubaliano ya leo ya bei ya siku ijayo) kwa hisa mojamoja, zikiwamo KCB na Equity, nayo inaweza kuuzwa bila kuazima hisa yenyewe. Kabla ya kuingia, muulize dalali wako mambo mawili: kiasi cha dhamana anachodai, na mikataba mingapi hununuliwa kwa siku, kwa sababu pengo linaloonekana kwenye karatasi huweza kumezwa lote na tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza.