Redio imekufa katikati ya kuiprogramu, na fomu 605 ya kuombea leseni ya redio imerudi

Baba Neema (Houston):
Salaam ndugu zangu. Nina mawili. Ombi langu la leseni ya GMRS, zile redio za mawasiliano ya familia, limetupwa na FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. FRN, yaani namba ya usajili ya FCC, ninayo, ila nilichelewa kulipa zile dola 35 mpaka siku 10 zikapita. Niombe upya kwa FRN ileile au nianze mwanzo kabisa? La pili, juzi usiku nilikuwa napandisha chaneli kwenye UV-5R yangu, redio ya mkononi, kwa CHIRP, ile programu ya kompyuta. Ilipofika kama nusu, mtoto akajikwaa kwenye waya. Sasa redio ukiiwasha inalia mara moja tu, kioo kitupu, vitufe havifanyi kitu. Msimu wa vimbunga ndio huu, na wakati wa kimbunga Beryl, Julai 2024, umeme ulikatika na simu hazikushika. Sitaki yanikute tena.

Mama Zuhura:
Pole sana shemeji. Usiitupe, yangu ilifanya vivyo hivyo. Nenda kwenye menyu, RESET, ALL.

Seif (Dallas):
Dada, kasema kioo ni kitupu. Atabonyeza nini? CHIRP inaandika kumbukumbu ya chaneli na mipangilio tu, kwa hiyo redio huwa bado inaitika kwenye waya. Baba Neema, toa betri, irudishe, sukuma plagi mpaka ibane kabisa. Ile ya pini mbili ikibaki nje milimita moja tu, haisomi. Angalia na waya wenyewe: za bei ya chini nyingi zina chipu ya Prolific ya bandia, draiva mpya za Windows zinaikataa. Mimi nilihamia waya wenye chipu ya FTDI. Halafu pandisha faili ulilosoma kutoka kwenye redio mwanzoni. La modeli nyingine usiliguse.

Mwalimu (Minneapolis):
Mnaruka sheria. Redio isiyothibitishwa kwa Part 95, kanuni za FCC zinazohusu GMRS, hairuhusiwi kurusha GMRS, hata uwe na leseni.

Seif:
Mwalimu, hakuna aliyeuliza hilo. Mwenzetu ana redio iliyokufa.

Mwalimu:
Ataulizwa siku ya kukamatwa. Ila leseni yenyewe aitafute: miaka 10, bila mtihani, na inafunika mke, watoto, wajomba mpaka wakwe.

Mama Zuhura:
Mmenirudisha kwetu Kigoma. Zahanati yetu ilikuwa na redio koli. Saa nane mchana muuguzi anakaa, anashika kipaza sauti, anaita "ova, ova", na sisi watoto tumejazana dirishani. Mjomba wangu aliokolewa na redio ile, boti ilitumwa jioni ileile. Intaneti ilipozimwa Tanzania Oktoba 29, 2025, nilikaa siku kadhaa sijui mama yangu ameamkaje. Nililia. Niliikumbuka ile redio koli.

Mwalimu:
Sote tulilia, dada. Hayo hayasahauliki.

Baba Neema:
Poleni. Nimebana plagi, CHIRP sasa inaiona. Lakini faili la mwanzo sikulihifadhi. Mwenye UV-5R, tafadhali nitumie lako leo. Na lile la FRN jamani?