Waliokaa Ningbo: yuan 3,000 kwa mwezi zinatosha?

Binti_Chumbageni
Habari za wakati huu wakuu. Mwezi ujao naelekea China, mji wa Ningbo, upande wa Beilun kwenye bandari. Nimepigiwa hesabu kwamba yuan 3,000 zinatosha kodi, chakula na nauli, na ya kutuma nyumbani inabaki. Nimeonyeshwa picha ya chumba, ni safi, dirisha linatazama bahari. Lakini usiku usingizi sipati. Kodi huko inalipwaje? Chakula cha Mwislamu kipo? Kazi ninayo, hilo msihangaike nalo.

Baharia_Mkongwe
Beilun nimeshusha sana mizigo. Kwa tani, bandari ya Ningbo-Zhoushan ndiyo ya kwanza duniani, usiku taa za kreni hazina mwisho. Kuna kijana wa Mombasa alishuka melini kununua laini ya simu, akapotelea kwenye makontena mpaka alfajiri. Bosun, msimamizi wa mabaharia, alimnunia safari nzima.

Mama_Nahya
Mwanangu, chakula kisikutishe. Tafuta migahawa ya tambi za Lanzhou, wenyewe ni Waislamu, na bakuli moja linashibisha. Vibao vingi siku hizi vimeondolewa Kiarabu, kwa hiyo zishike kichwani herufi hizi, maana yake chakula halali: 清真. Maji ya bomba chemsha. Unga wa mahindi upo, ila wa njano. Na beba sweta! Ningbo iko kusini ya mto Huai, majengo hayapashwi joto na serikali kama kaskazini. Baridi yake ni ya unyevu, inaingia mpaka kwenye godoro. Blanketi la umeme ndiyo kitu cha kwanza kununua.

Mzee_wa_Yiwu
Kodi: wengi wanataka miezi mitatu ya mbele na amana ya mwezi mmoja. Chumba cha 1,000 kinakutaka 4,000 siku ya kwanza, dalali bado. Halafu ndani ya saa 24 uandikishwe polisi kwamba unalala hapo. Mdogo wangu, unaingia na viza gani? Mengine yote yanafuata hapo.

Binti_Chumbageni
Asanteni sana, hasa Mama Nahya. Viza anashughulikia wakala. Je, kwa treni ya mjini kutoka Beilun hadi katikati ya Ningbo ni mbali?

Mzee_wa_Yiwu
Ni laini namba 1, moja kwa moja. Viza gani?

Binti_Chumbageni
Ni M. Najua ni ya biashara, kaka. Nitafundisha Kiingereza shule ya chekechea, wakala amesema nikishafika watanibadilishia, na wapo wengi walioanza hivyo. Cheti changu ni cha diploma. Cherehani zangu mbili nimeshauza na nusu ya pesa amepokea, sasa nirudi nyuma nikafanye nini?

Ustadh_Kassim
Riziki ya halali haianzi kwa kudanganya mlangoni. Vijana mna haraka.

Mzee_wa_Yiwu
Ustadh, tumsaidie kwanza. Dada, kazi inaingiwa na viza Z, na kibali anaomba mwajiri kabla hujapanda ndege. Kwa mwalimu wa Kiingereza wanataka shahada, na kwa kawaida pasipoti ya nchi ambako Kiingereza ni lugha ya mama. Ukikamatwa unafanya kazi kwa M, faini ni yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito ni mahabusu siku 5 hadi 15, kisha unaweza kurudishwa.

Kijiti_Kavu
Huu uzi ni wa kutunga. Wakala amejifanya binti anayelia ili mumtangazie Ningbo. Anayekwenda kweli hasahau kusema viza yake. Hebu weka hiyo picha ya chumba.

Binti_Chumbageni
Sijatunga. Nilinyamaza kwa sababu mama anasoma humu. Picha hiyo hapo.

Baharia_Mkongwe
Hiyo si Beilun. Bahari ya pale ni ya tope, rangi ya chai ya maziwa, kwa udongo wa mto Yangtze. Hapo kuna maji ya bluu, mchanga mweupe na minazi! Minazi Ningbo, kwenye baridi aliyoisema Mama Nahya?

Kijiti_Kavu
Basi nimekukosea, dada, niwie radhi. Anayetunga ni huyo wakala.

Binti_Chumbageni
Labda alikosea picha tu. Nimemwomba jina la shule, kasema nitaambiwa uwanjani. Wengine tunaosafiri nao hawajauliza kitu.

Mama_Nahya
Mama akisoma asome, mwanangu. Wewe usimpe huyo hata senti nyingine.

Mzee_wa_Yiwu
Mwandikie leo hii: jina kamili la shule kwa Kichina, na msimbo wake wa usajili wenye tarakimu na herufi 18. Kila shule halali inao. Akikupa, uweke hapa, nitautafuta kwenye orodha ya serikali. Na hao wenzako waite waje kwenye uzi huu.

Binti_Chumbageni
Nimemtumia. Tiki mbili za bluu, hajajibu. Wenzangu wawili nimeshawapa kiungo.