Naomba ushauri: mama amewekewa betri ya moyo

Wakuu, habari za jioni. Mama yangu, miaka 67, amewekewa betri ya moyo, ile wanayoiita pesimeka, kifaa cha kuusaidia moyo upige sawasawa, kushoto chini ya mtulinga. Ametoka hospitali wiki mbili zilizopita na kile kizunguzungu kimekwisha, tunamshukuru Mungu.

Shida ni mama mwenyewe. Ameambiwa asiinue mkono wa kushoto kupita bega kwa wiki kadhaa, maana waya unaweza kuchomoka kabla haujashika vizuri kwenye moyo. Juzi nimemkuta anatwanga kisamvu! Simu nayo, mazoea yake ni kuichomeka kwenye sidiria, kushoto humo humo, wakati inatakiwa ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa. Nimemnunulia kipochi cha kiunoni, anasema kinamfanya aonekane kondakta.

Halafu ukuta wa pili kuna fundi wa kuchomelea mageti, na mama anapenda kwenda kupiga soga palepale mashine ikiwaka, wakati umeme wake unaweza kuvuruga kifaa. Kuna mwenye mzazi aliyeishi jirani na karakana kama hiyo? Mlimwekaje mbali bila ugomvi? Na ile kadi ya kuonyesha kwamba ana kifaa, anatembea nayo kila mahali au mnamtunzia nyumbani? Kliniki ni mwezi ujao, daktari nitamuuliza pia.