Nyama ya euro 66 katika trattoria ya kijijini Toscana: je, tulidanganywa?

Swali

Ndugu wasafiri, naomba mnisaidie katika jambo linalonisumbua tangu tuliporudi safari. Mimi na mume wangu tulikuwa tukizunguka vijiji vya vilimani kusini mwa Siena, katika mkoa wa Toscana nchini Italia, tukaingia katika trattoria, yaani mkahawa mdogo wa kienyeji, yenye meza saba tu, kuta za mawe, na moto wa kuni uliokuwa ukionekana kutoka tulipoketi. Hatukupewa orodha ya vyakula. Mama mwenye mkahawa alisimama kando ya meza akatutajia vilivyopikwa siku hiyo. Tulikula ribollita, ile supu nzito ya maharagwe, mboga na mkate wa jana, kisha nyama ya kuchoma. Sijawahi kula nyama tamu kama ile. Hata hivyo, bili ilipoletwa tulikuta euro 3 kwa kila mtu mbele ya neno "coperto", na nyama peke yake ilikuwa euro 66. Tulilipa bila kuuliza, tukaondoka. Tutarudi Septemba, nami ningependa kula pale tena bila kinyongo.

Jibu la 1

Pole, dada, ila kwa maelezo yako sioni udanganyifu. Coperto ni malipo ya kuketi mezani, yaani mkate, kitambaa na vyombo, nayo hutozwa hata usipougusa huo mkate. Si bakshishi, na kwa kweli bakshishi haidaiwi huko. Kuhusu nyama, bila shaka mlikula bistecca alla fiorentina, yaani pande nene la nyama ya ng'ombe la kuchoma, ambayo huuzwa kwa uzito wa nyama mbichi pamoja na mfupa wake, na kwa kawaida bei hutajwa kwa "etto", yaani gramu 100. Pande moja mara nyingi hufika kilo moja au kuzidi, kwa kuwa hukatwa kwa ajili ya watu wawili au zaidi. Kwa euro 5.50 kila etto, pande la kilo 1.2 linafika euro 66 kamili.

Jibu la 2

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu hesabu, lakini mwenye mkahawa naye asiachiliwe moja kwa moja. Kutaja vyakula kwa mdomo ni desturi njema ya mikahawa inayopika kilichopatikana sokoni asubuhi, lakini sheria ya Italia inataka bei ziwekwe mahali ambapo mteja anaziona, na coperto ni mojawapo ya bei hizo. Mgeni anayeuliza "Quanto costa all'etto?", yaani "Ni bei gani kwa etto?", hamvunjii mtu heshima, kwani wenyeji wenyewe huuliza hivyo, hasa kwa samaki na nyama.

Mwuliza swali

Nawashukuru sana. Sasa nakumbuka kwamba mama yule alituletea nyama mbichi juu ya ubao akasema "un chilo e due", yaani kilo 1.2, nasi tukatabasamu na kuitikia kwa kichwa tukidhani anatuonyesha tu uzuri wake. Kumbe alikuwa akitutajia uzito na kusubiri idhini yetu! Nasikitika kwamba kwa siku kadhaa nimemdhania vibaya.

Jibu la 3

Hilo la ubao ndilo utaratibu wenyewe, na pale ndipo mngeweza kuomba pande dogo zaidi. Kwa Septemba, pigeni simu mapema, kwa sababu meza saba hujaa haraka na mikahawa mingi ya vijijini hufunga siku moja kila wiki. Jiko nalo hupumzika kuanzia kama saa tisa mchana hadi saa moja na nusu jioni, kwa hiyo msifike katikati. Msishangae mkate kukosa chumvi, kwani ndivyo unavyookwa Toscana, na unafaa sana kwa nyama iliyokolea chumvi na kwa mchuzi. Nyama msiombe iive hadi ndani, maana wapishi wengi watakataa. Halafu mwulizeni mama yule kama uyoga wa porcini umeanza kuletwa kutoka msituni. Majira yake yatakuwa yamefika.